Nyusi za Kuingia kwa Mama

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata watu waliomzidi umri. Watoto wa kaka yake walikuwa na tabia ya kumwita kuanzia barabarani, na jina likishapigiwa kelele kiasi hicho kila mtu hulichukua. Alikuwa mpiga pasi katika chumba cha dobi cha hoteli moja kubwa, mwanamke mnene kiasi, mtaratibu, asiye na maneno mengi, na hakuwa na nyusi. Nalisema mapema ili asitokee mtu akalisubiri kama siri. Zilidondoka zote mbili mwaka alipougua sana, na daktari wa ngozi akamwambia kwamba mashina yake yamekufa, asihangaike na mafuta ya kuoteshea. Shangazi akaitikia, akaenda dukani kununua penseli ya wanja, akaanza kujichora.

Ingekuwa ni urembo tu, nisingekuwa na la kusimulia. Wanawake wangapi hujichora nyusi kila kukicha na hakuna anayewatia katika maandishi? Lakini Shangazi aliishi na mama yake, na mama alikuwa anapoteza kumbukumbu. Alianza kwa kusahau majina ya majirani. Kisha akasahau kwamba mumewe alishafariki, akawa anauliza mbona leo amechelewa. Mwishowe akawa anamuuliza mke wa mwanawe, ambaye ndiye aliyemlisha mchana kutwa, kama amekuja kutafuta kazi ya ndani. Kwa Shangazi peke yake hakukosea. Akiingia tu, mama alikuwa akimtazama hapa juu ya macho, uso ukamkunjuka, akasema, "Kitinda wangu huyo." Alikuwa ndiye kitindamimba, na nyusi zake, nene, zilizokaribia kukutana katikati, zilikuwa za baba yake mtupu. Nyumba nzima iliamini kwamba mama anamtambua mwanawe. Kumbe alikuwa anatambua nyusi, na mwanawe anaingia kwa kibali cha nyusi hizo.

Walilijua hilo asubuhi moja, Shangazi alipotoka kuoga akapita moja kwa moja chumbani na kikombe cha chai, uso umeoshwa, hauna wanja. Mama akamtazama juu ya macho, akatafuta, asipate kitu. "Wewe ni wa nani?" akauliza. Shangazi akacheka, akadhani ni utani, akasogea. Mama akaanza kulia, akaita kwa sauti ya juu kwamba Kitinda aje, kuna mtu chumbani. Kitinda mwenyewe yuko pale, kikombe mkononi, hajui aende wapi. Siku ile mama hakutia kitu mdomoni mpaka jua linazama.

Tangu hapo Shangazi hakuthubutu kuingia bila nyusi. Aliamka kabla ya wote, akajichora mbele ya kioo kidogo alichokitundika dirishani, tena akachora nene kama zile za zamani. Ya kulia ilikuwa inamkubali. Ya kushoto ilimsumbua kila siku, mara iko juu, mara imelala, akawa anafuta na kuanza upya huku chai inapoa. Ndipo alipoingia kwa mama, akapewa ile salamu yake, akapata nguvu ya kwenda kazini.

Na kazini sasa. Chumba cha dobi kilikuwa chini ya hoteli, hakina dirisha la maana, na pasi zake ni zile kubwa za mvuke ambazo ukizifungua zinakupulizia usoni. Mashuka yanaingia yamebanana, yanatoka yamenyooka, na katikati yake yuko mtu anayelowa. Kufika mchana wanja ulikuwa umeshateremka hadi kwenye mashavu. Wenzake walimtania, "Shangazi, nyusi zimehama," na yeye akajibu kwamba zimekwenda kunywa maji, zitarudi. Alicheka nao, lakini moyoni alikuwa tayari anafikiria jioni. Jioni hakuweza kuingia kwa mlango wa mbele kama watu. Alizunguka nyuma kwenye bomba, akanawa, akainama mbele ya kipande cha kioo, akachora tena kwa mkono uliokuwa ukitetemeka kwa kushinda umeshika pasi. Mama alimsikia kutoka ndani, akauliza nani huyo huko nje. "Mimi, nakuja," akajibu. Sauti haikumsaidia kitu.

Alikuwa amechoka. Sisemi uchovu wa kulala ukaamka umepona. Alichoka kuomba ruhusa ya kuwa mtoto wa mama yake, kila siku mara mbili, kwa penseli. Kumchukia mama hakuweza, na penseli haina kosa, kwa hiyo hasira yake haikuwa na pa kukaa.

Aliyeleta habari ya wanja wa kudumu ni wifi yake, yule mke wa kaka. Kaka alikuwa dereva wa malori ya masafa, nyumbani alifika kubadilisha nguo. Wifi alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani ili aweze kushona huku sikio moja liko kwa mama mkwe.

"Wifi," alimwambia jioni moja, uzi mdomoni, "kuna mteja wangu amekuja kupima blauzi. Namwambia, mama, utoe jasho hizo nyusi zikuchafulie kola nyeupe hii? Akanicheka. Amechomwa sindano. Anaoga nazo, analala nazo, anaamka nazo."

"Amechanjwa chale?"

"Chale kitu gani. Wanja wa kudumu. Wino unaingia hapo juu juu kwenye ngozi, basi."

"Na akikosea anayechoma?"

"Ndiyo uende ukaulize kwanza. Nani amekwambia ukifika tu ulazwe?"

Shangazi aliipeleka habari hiyo kazini na kuigeuzageuza pamoja na mashuka. Aliogopa sindano, na zaidi ya sindano aliogopa kukosewa, maana penseli ikikosea maji yanasahihisha. Upande wa pili kulikuwa na picha moja tu, nayo ilimshinda nguvu: anaamka asubuhi, hajagusa kioo, anafungua mlango wa mama akiwa na uso ule ule aliolala nao, na mama anasema, Kitinda wangu huyo. Hakutaka kingine. Akaomba siku ya mapumziko.

Fundi wa yule mteja wa wifi alimtumia ujumbe aje na uso safi, usio na chochote. Asubuhi hiyo wifi akaingia kwa mama badala yake, na Shangazi akatoka kwa mlango wa nyuma kama mtu aliyeiba, kilemba amekishusha hadi kwenye paji la uso na kukizungushia masikio. Penseli aliiacha dirishani. Alijiambia kwamba akirudi hataihitaji.

Fundi wa nyusi alikuwa na chumba ghorofani, juu ya duka la vioo. Mlikuwa na kiti cha kulalia, taa yenye shingo ndefu na beseni la kunawia, na hapakuwa na picha za warembo ukutani, jambo lililompendeza Shangazi. Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, aliyesema polepole, na alianza kwa kufungua droo na kumwonyesha sindano, kila moja imo ndani ya karatasi yake.

"Hii nafungua ukiwa unaona, na tukimaliza naitupa ukiwa unaona. Ukienda kwingine, angalia hilo kabla hujaangalia bei."

Kisha akamkalisha na kumuuliza maswali. Ana sukari? Hana. Presha? Ya kawaida ya watu. Anatumia dawa za kuyeyusha damu? Hapana. Ngozi yake ina aleji na rangi au hina? Hajawahi kuona. Mimba je? Shangazi akamtazama fundi, fundi akamtazama Shangazi, wakacheka wote wawili.

"Kazi yako?"

"Napiga pasi hotelini. Pasi za mvuke."

Fundi akatikisa kichwa. "Siku za mwanzo hutakiwi kutoa jasho usoni, wala kukaa kwenye mvuke. Panatoka magamba kidogo, ukipalowesha wino unatoka nayo, au panaingia uchafu, pakaanza usaha."

"Nitaomba likizo."

"Na ujue unafifia. Mwaka, miwili, unarudi nakugusia. Mwingine rangi inageuka, inakuwa na wekundu."

"Sasa mbona mnauita wa kudumu?"

"Biashara, dada. Ningeuita wanja wa muda ungepanda ngazi zote hizo?"

Shangazi akampenda. Na alipoulizwa swali la mwisho alijibu kwa moyo mweupe kabisa.

"Una kovu linalovimba? Yaani ukiumia, kidonda kikipona panabaki pamenyanyuka, panene?"

"Sina. Labda haya ya pasi." Akakunja mikono ya blauzi na kuonyesha alama za kuungua, za zamani na za karibuni. Fundi akazipitishia kidole. Zote zilikuwa zimelala sawasawa na ngozi.

"Haya hayana neno. Vua kilemba nikufunge nywele nyuma."

Akavua. Fundi akachukua utepe, akauzungusha, akafika kwenye sikio la kushoto akasimama. Kwenye ndewe palikuwa na donge la nyama, gumu, linang'aa, kubwa kuliko harage.

"Na hili ni nini?"

"Hicho kipuli changu," alisema Shangazi.

Fundi akauacha utepe, akavuta kigoda akakaa. Shangazi alipomwona amekaa ndipo alipojua kuna jambo.

Hakuwa amedanganya, na hapa naomba aeleweke. Alipokuwa mtoto mama yake alimtoboa masikio kwa sindano na uzi, kama wasichana wenzake. La kulia likapona. La kushoto likapona na kuendelea, likaota nyama, na shuleni wakamcheka mpaka akawa anatembea amelishika. Mama akamkalisha mapajani akamwambia kwamba wenzake wanavaa vipuli vya kununua, vinaanguka njiani, na yeye amepewa chake kisichoanguka. Tangu siku hiyo nyumbani kikaitwa kipuli. Osha vizuri nyuma ya kipuli. Kilemba kinakubana kipuli? Kaka yake, wifi yake, watoto, wote walikijua kwa jina hilo. Neno kovu halikuwahi kusogezwa karibu na sikio lile, na mtu akimuuliza habari za makovu mawazo yake hayaendi huko, kama vile yasivyokwenda kwenye pua.

"Dada, hiyo ni keloidi," fundi alisema. "Kovu la sindano. Mkono wako umekubali kuungua, sikio limekataa kutobolewa. Usoni sijui patafuata nini, na sitaki nijue kwa kukuchoma. Pakivimba, utakuwa na vitu viwili vya namna hiyo hapo juu ya macho, na mimi sina dawa ya kuviondoa."

"Lakini inaweza kuwa salama."

"Inaweza. Nenda kwa daktari wa ngozi, akikuruhusu nitakutia nukta moja mahali pasipoonekana, tungoje miezi tuone."

"Miezi."

"Miezi. Keloidi haina haraka."

Shangazi alikuwa na haraka. Alishuka ngazi akiwaza kwamba huo ndio muda mama anaoutumia kusahau. Mwaka jana alijua njia ya kwenda bombani, mwaka huu hajui. Huenda daktari akikubali, na nukta ikipona, na nyusi zikitoboka vizuri, mama atazitazama na kuuliza ni za nani. Kufika chini alikuwa na uchungu na fundi kwa kuwa mwaminifu. Si angemchoma tu, asimwachie mtu kazi ya kuchagua mwenyewe?

Kona ya pili palikuwa na saluni ya nywele, redio inavuma, na mlangoni karatasi imeandikwa kwa mkono: NYUSI ZA KUDUMU, UNANGOJA UNAPATA. Akaingia.

"Lala hapo mama," alisema mwenye saluni, huku anamalizia kusuka kichwa cha mtu. "Nakuja sasa hivi."

"Huniulizi kitu?"

"Nikuulize nini? Umekuja kwa nyusi, nyusi zipo."

Shangazi akalala. Alipakwa mafuta ya ganzi, yakawa baridi, na ile raha ya kulala chali mchana, bila mtu kumwita, ilikuwa kubwa kiasi kwamba angechomwa kitu chochote asingeinuka. Macho yakaanza kumlemea. Alimsikia mwenye saluni akimchora mfano kwa penseli, juu ya jicho moja, kisha jingine.

"Tazama hizo. Ukizipenda nazipitia na sindano."

Akapewa kioo. Zilikuwa nyembamba, zimepinda juu, za msichana anayeshangaa.

"Mimi nataka nene. Zinakaribia kukutana."

"Nene zimepitwa na wakati, mama. Hizi ndizo za sasa."

Shangazi akaendelea kujitazama. Mwanamke wa kwenye kioo alikuwa na uso wa mtu mwingine, na hapo hakuna hata tone la wino lililoingia. Akaona jinsi ingekuwa. Kwa uso mtupu, mama hamjui asubuhi moja, kesho penseli inamrudisha. Kwa hizi, au kwa madonge mawili yanayong'aa, atakuwa mgeni moja kwa moja, na hakuna bomba la kunawia. Alikuwa tayari kujiumiza, hilo hakulikataa. Ila alichokuwa anakiweka rehani ni lile jina la Kitinda, na lingine kama hilo hakuwa nalo.

"Nipe pamba," alisema.

"Ya nini?"

"Nifute. Nimebadili nia."

"Umeogopa sindano."

"Ndiyo," Shangazi alisema. "Nimeogopa."

Alirudi kwa miguu. Wifi alikuwa barazani, akamwona kuanzia mbali, akasimamisha cherehani.

"Mbona uko vile vile?"

"Vile vile." Akakaa kwenye ngazi, akasimulia, na alipofika kwenye kipuli wifi akaziba mdomo kwa kitambaa alichokuwa anakishona. Walicheka mpaka machozi yakawatoka, na ya Shangazi yakaendelea kidogo baada ya kicheko kwisha.

"Hata mimi ningeapa kwamba huna kovu," alisema wifi. Akapekua kikapu cha nyuzi akatoa penseli. "Chukua yangu, jichore uingie. Amekuulizia tangu asubuhi."

Shangazi akaishika, akainama kwenye kioo cha dirisha, akainua mkono. Ukakaa hewani. Akaushusha, akamrudishia wifi penseli yake.

"Nimechoka, wifi. Leo nitaingia hivi."

"Atalia."

"Akilia nitatoka."

Mbele ya mlango wa mama akasita. Siku zote aliingia kama mtoto wa nyumba, bila kusema lolote. Leo, kwa kuwa alijua anakwenda kama mgeni, alisimama nje akabisha.

"Hodi."

"Karibu," mama alijibu, kwa sauti ya mwenye nyumba. "Pita ndani, mama."

Akapita. Mama alikuwa kwenye kiti chake, akamtazama juu ya macho, akatafuta, asipate. Hakulia. Mgeni amebisha hodi, amekaribishwa, hakuna la kuogopa.

"Unamtafuta nani?"

"Binti yako."

"Kitinda yuko kazini. Anapiga pasi kwenye hoteli kubwa." Akalisema kwa majivuno. "Kaa umsubiri. Mnafahamiana?"

"Kidogo," Shangazi alisema, akakaa ukingoni mwa kitanda.

Mama akapapasa mkono wa kiti. Kisha akainama mbele, akapunguza sauti, kama watu wazima wanaosema jambo ambalo mtoto hatakiwi kulisikia.

"Anachoka sana yule mtoto. Akiingia humu anacheka, anadhani sioni. Mikono yake inatetemeka. Simwambii, nisije nikamvunja moyo. Lakini wewe ukikutana naye huko, mwambie mama yake anajua."

Shangazi akasema atamwambia.

"Na wewe pia umechoka," mama alisema, akimchunguza. "Vua viatu, lala hapo. Usione haya. Akija nitakuamsha."

Shangazi akavua viatu, akalala kwenye kitanda cha mama yake, uso ukutani. Akahisi shuka linavutwa polepole juu ya mabega yake, likakwama, likavutwa tena. Kisha mama akageuza kiti chake kikaelekea mlangoni, akakaa kumngoja Kitinda.